Majuma matatu! Hawa watu hawana haya hata kidogo

Mtoto_wa_Kamalondo:
Salamu nitawapa siku nyingine, kwa sababu leo nina hasira. Habari ya filamu kusogezwa mbele tena mmekwisha kuisikia, na wenye filamu ninaowasema mnawajua. Sitawataja, wasije wakadhani ninawatangazia biashara bure. Tangu Juni 2023 tunaingoja sehemu ya tatu ya ile katuni ya Spider-Man, ya kijana wetu wa Brooklyn, Miles Morales, tuliyemwacha amefungwa katika ulimwengu usio wake, akitazamana uso kwa uso na nafsi yake mwenyewe iliyogeuka mhalifu, huku rafiki zake wakiwa ndiyo kwanza wanaondoka kwenda kumtafuta. Hapo ndipo walipotuandikia kwamba itaendelea, wakawasha taa.

Tuliahidiwa Machi 2024. Julai 2023 wakaifuta tarehe hiyo kwenye kalenda, wakati waigizaji wa Marekani wakiwa kwenye mgomo, nasi tuliokulia katika nchi ambayo walimu hugoma kabla chaki haijakauka tukaelewa na kunyamaza. Mgomo ukaisha Novemba ya mwaka ule ule, lakini kalenda ikabaki tupu. Mwaka 2025 wakapanda jukwaani kule Las Vegas, mbele ya wenye kumbi za sinema, wakatangaza kwa tabasamu tarehe 4 Juni 2027. Hilo nalo nikalimeza, ingawa lilinikwama kooni.

Kisha wakaongeza majuma matatu, wakasema filamu itatoka tarehe 25 Juni 2027. Majuma matatu, jamani! Mtu anakualika kula, anakuwekea sombe, yaani kisamvu, mezani, anakwambia kwamba bukari, yaani ugali, itakuja baada ya miaka minne, unakaa, unangoja, mboga inapoa, kisha anachungulia mlangoni na kusema, "Samahani, nanawa mikono kwanza." Ndani ya majuma hayo matatu kuna kazi gani iliyoshindikana kwa miaka minne? Wamesahau kumpaka nani rangi? Mdogo wangu, aliyeitazama sehemu ya kwanza mwaka 2018 akiwa amekaa mapajani mwangu, sasa ana ndevu na ananiita mzee, na nina hakika kwamba filamu hiyo atakwenda kuitazama pamoja na wakwe zake. Kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba hapa mjini Lubumbashi, wanachokipunguza tangu tukiwa wadogo, kitakwisha kabla ya hawa kumfungua kijana wa watu kamba. Na bado wanaongeza majuma matatu!

Yaya_wa_Katuba:
Mdogo wangu, asante sana kwa kunisimulia mwisho wa sehemu ya pili, ambayo nilikuwa nimeihifadhi kwenye flashi ili niitazame Jumapili pamoja na watoto. Sasa mimi ndiye ninayehitaji majuma matatu, ya kukusamehe.

Fundi_Picha:
Ndugu, watu waliochora sehemu ya pili walikuwa kama elfu moja. Mwaka 2023 baadhi yao walilieleza gazeti moja la Marekani kwamba walifanya kazi zaidi ya saa kumi na moja kwa siku, siku saba kwa juma, huku picha zilizokwisha kukamilika zikirudishwa na kuanzwa upya, hata wenzao wapatao mia moja wakaacha kazi kabla filamu haijaisha. Wewe unayelala mchana, unamharakisha nani?

Mtoto_wa_Kamalondo:
Fundi, nimekusoma kwa heshima. Wachoraji wapumzike, wapelekwe hata Ziwa Mweru kula samaki. Wangeongeza mwaka mzima kwa ajili yao ningenyamaza, kwa sababu mwaka ni uamuzi wa watu wazima waliokaa kikao. Majuma matatu ni dharau. Hakuna mchoraji aliyewahi kupumzika kwa majuma yale matatu. Ni mtu mwenye kalamu na kalenda aliyeamua tu kunichokoza.

Mzee_wa_Sinema:
Vijana, nyamazeni kidogo. Sisi tunaowapenda wale watu warefu wenye ngozi ya buluu wa filamu ya Avatar tuliona sehemu ya kwanza Desemba 2009. Ya pili tuliahidiwa 2014, ikaja Desemba 2022. Nilianza kuingoja nikiwa kijana ninayetafuta mchumba. Ilipofika nilikuwa na mke, na mke huyo alikataa kuitazama kwa sababu ni ndefu mno.

Bukari_Moto:
Papa, pole, lakini yako ilikuwa na mwisho. Uliondoka umeshiba na ukangoja chakula kingine. Huyu wa Kamalondo aliondolewa mezani akiwa na tonge mkononi.

Mlinzi_wa_Ruashi:
Kumbe! Sisi huku Ruashi umeme ulikatika tukiwa tunaitazama hiyo sehemu ya pili, karibu kabisa na mwisho, na tangu siku ile nimekuwa nikiwalaumu watu wa umeme. Leo ndipo ninapojua kwamba hata kama ungewaka tusingeuona mwisho wowote.

Bukari_Moto:
Huko Ruashi mna umeme?

Mlinzi_wa_Ruashi:
Huja baada ya saa saba usiku, kama mwizi, na huondoka kabla ya kunguru kuamka. Mke wangu hupiga pasi saa nane za usiku.

Yaya_wa_Katuba:
Mshukuru Mungu. Kwetu huja saa tatu asubuhi, watoto wakiwa shuleni na sisi kazini, kwa hiyo anayefaidi ni paka.

Mtoto_wa_Kamalondo:
Ndugu zangu, tulikuwa tunazungumza juu ya majuma matatu.

Bukari_Moto:
Majuma matatu? Kabini ya umeme, yaani transfoma, ya mtaa wetu ilikaa imeungua zaidi ya muda huo. Waliomba kila nyumba ichange pesa, tukachanga, kisha wakasema kwamba mafuta ya kutia ndani hayatoshi, tukachanga tena.

Mzee_wa_Sinema:
Sisi walituomba hata pesa za kumlipia dereva aliyewaleta.

Mtoto_wa_Kamalondo:
Dereva? Sisi tuliombwa pesa za dereva na za chakula chake, na ngazi tukawaazima wenyewe. Bukari, nyinyi kila nyumba ilitoa kiasi gani?