Tupeane uzoefu: watoto, masomo na dada wa kazi

Mama Pacha (Malindi)
Mashoga, asalaam aleikum. Nina watoto watatu, wawili ni pacha. Nafundisha msingi, na kila Jumamosi alfajiri napanda matatu kwenda Kilifi kusomea digrii. Baba yao yuko Mombasa kikazi. Dada wa kwanza aliondoka hata kuaga hakuaga. Huyu wa sasa yuaja siku aitakayo. Nyinyi mwafanyaje? Msiniambie niache masomo, hayo mama mkwe ameshayasema.

Bint Mkomani (Lamu)
Pole shoga. Mie napika keki za oda. Msichana wangu halali kwangu, aja asubuhi, alasiri aenda kwao Langoni. Watoto wakitoka shule waenda chuoni kwa maalim, na hapo ndipo napamba keki bila mtu kutia kidole. Ramadhani ndiyo yanishinda: oda, futari na daku kwa pamoja. Mwezi huo humleta binamu yangu, namlipa pia, maana undugu haununui sabuni.

Baba wa Tuktuk (Malindi)
Mke wangu yuko hoteli Watamu. Watoto nawaogesha mimi, napeleka shule, kisha naingia barabarani. Majirani walicheka, wakachoka. Mwezi wa tano wageni wakiisha, hoteli hufunga, hatuna hela ya kumlipa mtu. Mzee wa Mombasa naye apigiwe simu!

Wa Marafa
Mimi ndiye dada wa kazi mwenyewe. Nitawaambia kwa nini huwa hatuagi. Niliandikwa kulea mtoto. Mara nguo za shemeji, mara sambusa za biashara ya mama, na Jumapili "leo tuna wageni, vumilia." Ukiaga, mshahara wa mwezi unashikwa, basi unatoka na mfuko wako kama unaenda sokoni. Mama wa sasa alinisomea Sheria ya Ajira ya 2007: siku moja ya kupumzika kila juma, likizo siku 21 kwa mwaka, na kazi ya kufika miezi mitatu iandikwe. Akaandika, tukatia sahihi sote. Sijahama. Mama Pacha, siku asizokuja huyo dada huwa wapi? Umemuuliza?

Mama Pacha
Nimemuuliza jana. Ana mtoto mchanga Kakuyuni, bibi yake akiumwa hana wa kumwachia. Tumekubaliana Jumatano na Jumapili asije, na Jumamosi aje na mtoto wake, wacheze na pacha. Mama mkwe ameguna tu. Baba Pacha ataanza kuja Ijumaa usiku, si Jumamosi mchana tena.

Wa Marafa
Vizuri, mama. Na hiyo Jumamosi, alfajiri mpaka magharibi, umemwongezea ngapi?

Mama Pacha
Hilo bado. Malindi hapa mwalipa ngapi kwa siku nzima? Semeni ukweli, asilaliwe mtu.