Milango ya ofisi: masika inagoma, kusi ikivuma inapigiza. Tuanzie wapi?

Mjumbe_Kamati (Mtwara)

Salaam wadau. Nauliza kwa niaba ya kamati ya jengo moja la huduma hapa Mtwara mjini, karibu na bahari. Lina milango tisa na karibu kila mmoja una ugonjwa wake.

Saba ni ya mbao, ya vyumba. Mvua zikianza Desemba inafura, na ikifika Februari mitatu kati yake haifungi mpaka isukumwe na bega. Fundi anaitwa, anapiga randa, anaondoka. Kiangazi kikirudi mwanya unapitisha mjusi, na mlango unagongagonga siku nzima.

Mlango mkuu ni wa aluminiamu na kioo, upana sm 90, urefu sm 210, unatazama upande wa kusi. Kile kimkono cha juu cha kuufunga wenyewe kipo, lakini unafunga kwa kishindo. Anayeingia anatakiwa kuvuta, ila watu wengi wanasukuma. Mtu anagonga paji la uso kwenye kioo, foleni nzima inacheka, mama wa watu anaingia ameinamisha kichwa. Kuna mjumbe amependekeza tuugeuze ufungukie ndani yaishe.

Wa tisa ni wa choo cha wageni. Kitasa kinamfungia mtu ndani na mhudumu hana njia ya kufungua kwa nje.

Pesa iliyopo ni ya vifaa vidogo, si ya milango mipya. Tumwambie nini fundi?

Seremala_Mikindani

Ndugu mjumbe, randa ikae ndani ya boksi kwanza. Mlango ukigoma una sababu mbili kubwa na dawa zake hazifanani, na ukipiga randa kwa sababu isiyo yake unaharibu mlango mzima.

Chukua chaki ya ubaoni. Paka fremu upande wa kitasa, mwimo wote kuanzia juu hadi chini, na paka kizingiti cha juu pia. Funga mlango taratibu, ufungue, halafu tazama chaki imehamia wapi kwenye ubao. Ikiwa imeshika kona ya juu tu upande wa kitasa, na kona ya chini ya upande huohuo inakwaruza sakafu, mlango huo haujafura. Umelala. Bawaba ya juu imelegea. Ushike mkono wa kitasa, uunyanyue mlango kidogo huku ukitazama bawaba hiyo, utaziona skrubu zikitoka na kurudi.

Dawa yake: shusha mlango, toa skrubu, chonga kijiti cha mninga kinachoingia kwa kubana kwenye tundu, kipake gundi nyeupe ya mbao, kigonge, kikate usawa na fremu. Acha siku nzima. Toboa upya kwa keekee ya mm 3, kisha funga skrubu ya inchi 2 mahali palipokuwa na ya inchi 1. Kama mlango ni mzito na una bawaba mbili tu, ongeza ya tatu, na iweke sm 20 hivi chini ya ile ya juu. Wengi wanaiweka katikati kwa sababu inapendeza macho, lakini uzito wa mlango unaivuta ile ya juu, na huko ndiko msaada unakohitajika.

Ikiwa chaki imeshika ukingo mzima kutoka juu hadi chini, hapo kweli umefura. Mbao hufura kwa upana wake. Kwa urefu haiongezeki kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo mlango uliotengenezwa kwa mbao za kusimama zilizopangwa ubavu kwa ubavu unafura upana wote. Chukua paini, sm 80: unyevu ndani ya mbao ukipanda kutoka asilimia 12 hadi 16, unaweza kuongezeka karibu mm 8. Mlango wa paneli haufanyi hivyo, kwa sababu zinazofura kuelekea kitasa ni zile mbao mbili za pembeni tu. Zikiwa na sm 12 kila moja, nyongeza ni kama mm 2 au 3. Mninga, mkongo na mtiki zinafura kidogo kuliko paini, ndiyo maana wazee walizipenda.

Sasa angalia kitu ambacho karibu kila jengo limekisahau. Panda kiti, weka simu juu ya mlango, piga picha ya ukingo wa juu. Halafu pitisha kioo cha kujitazama chini ya ukingo wa chini. Nina hakika utakuta mbao kavu ya kijivu, haijawahi kuonja rangi. Uso wa mlango unang'aa vanishi, na huku ncha za mbao, zenye vinyweleo vilivyo wazi kama mabua, zinakunywa unyevu wa masika kutoka juu na maji ya deki kutoka chini. Paka rangi ya mafuta au vanishi mikono mitatu pande zote sita, pamoja na ndani ya tundu la kitasa na kwenye kitako cha bawaba.

Kazi hii ifanyike Agosti au Septemba, mbao ikiwa imekauka. Mlango ukipigwa randa Februari, umeondoa mbao ambayo Julai utaihitaji. Ukiurekebisha kiangazi, acha mwanya wa mm 4, yaani njiti mbili za kibiriti zilizolala pamoja. Ikilazimu uguse mlango katikati ya mvua, ondoa mpaka njiti moja ipite, usizidishe.

Karani_wa_Zamani

Kwa kitasa kinachogoma, matone mawili ya mafuta ya kula kwenye tundu la ufunguo. Kinalainika palepale.

Vitasa_Lindi

Kaka, kinalainika palepale na baada ya miezi michache ufunguo hauingii kabisa. Mafuta ya kula yakikaa hewani yanaganda kama ulimbo, na pwani hii yanakamata vumbi, mchanga na chumvi. Chumvi nayo inavuta unyevu, kwa hiyo ndani ya kitasa panakuwa na tope.

Tumia risasi ya penseli laini, 2B au zaidi. Sugua ufunguo pande zote mpaka uwe mweusi, uingize na kuutoa mara kumi, zungusha, rudia. Kitasa kilichokwisha kutiwa mafuta kioshwe kwanza: kifungue mlangoni, kisukutue kwa mafuta ya taa, kining'inize kikauke siku nzima, ndipo utie risasi ya penseli.

Bawaba za chuma zilizopakwa rangi ya dhahabu zisiwadanganye. Karibu na bahari zinaanza kutoa machozi ya kutu mapema sana. Nunua za shaba au stenlesi, na skrubu ziwe za madini yaleyale. Skrubu ya chuma kwenye bawaba ya shaba huliwa kwanza, kichwa kinabaki na mwili unaoza ndani. Shaba ni laini, hivyo fungua njia kwanza kwa skrubu ya chuma ya saizi hiyohiyo, itoe, kisha pitisha ya shaba uliyoisugua kwenye mshumaa. Usitumie sabuni, inavuta maji.

Choo. Mara nyingi kosa linaanzia kwenye mlango ulioshuka milimita chache, ulimi wa kitasa ukawa hauoni tundu lake kwenye fremu. Mtu anaingia, anabamiza, ulimi unaingia kwa nguvu. Akitaka kutoka anaukandamiza mkono, ile skrubu ndogo inayoubana mkono kwenye chuma cha mraba imeshalegea, na mkono unamtoka akiwa ameushika. Chungulieni chini ya shingo ya mkono, mtaiona skrubu hiyo. Ikazwe kila mwezi.

Lakini kwa choo cha wageni ningeshauri mtoe kitasa cha ufunguo kabisa. Wekeni komeo la chooni lenye kidirisha cha nyekundu na kijani. Kwa nje lina mfereji mdogo, sarafu au bisibisi bapa inauzungusha na mlango unafunguka. Na kama mlango unafungukia ndani, huo ndio wa kuugeuza: mtu akianguka nyuma yake, mwili wake ndio unaouzuia. Ukifungukia nje, bawaba ziko nje, na mambo yakiharibika kabisa mnagonga pini kwa msumari na nyundo, mlango unatoka.

Kioo_na_Aluminiamu

Nijibu la mlango mkuu. Kile kimkono tunakiita kloza. Ndani kuna springi na mafuta, na ubavuni au kichwani utaona skrubu mbili ndogo, mara nyingi zimeandikwa 1 na 2. Moja inatawala mwendo kuanzia mlango ukiwa wazi hadi unapokaribia fremu, ya pili inatawala ule mwisho wa kupiga. Mlango wenu unabamiza mwishoni, basi anzeni na ya mwisho. Ukizungusha kuelekea mshale wa saa unapunguza kasi. Zungusha kidogo tu, sehemu ya nane ya mzunguko, jaribu mara tatu, ndipo uongeze. Kutoka wazi kabisa hadi kufunga, sekunde 5 hadi 7 zinatosha hata kwa mzee mwenye mkongojo. Msifungue skrubu hiyo mpaka itoke: mafuta yatamwagika na kloza imekufa. Mkikuta tayari kuna mafuta yanachuruzika kwenye mwili wake, msihangaike nayo, nunueni nyingine. Kloza zina namba za nguvu: kwa mlango wa upana hadi sm 95 na kilo 60 ni namba 3, ila unaotazama kusi ningeuwekea namba 4.

Kusi ni nguvu ya kweli. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukiupiga mlango wenu sawasawa unausukuma kwa uzito wa karibu kilo 3. Upepo ukiongezeka mara mbili nguvu haiongezeki mara mbili, inakuwa mara nne, karibu kilo 12.

Kuhusu kusukuma na kuvuta, msiwalaumu watu, mkono unafuata unachokiona. Mlango wenye mikono iliyofanana nje na ndani hausemi chochote. Nje acheni mkono wa kusimama, ule unaokumbatiwa na vidole. Ndani ondoeni mkono, fungeni bamba bapa la stenlesi, sm 10 kwa 30, usawa wa kifua. Bamba halishikiki, kwa hiyo mtu atasukuma tu.

Mbandike na maandishi, lakini angalieni stika. Neno VUTA likiwa kwenye stika ya kuonyesha nyuma, aliye ndani analisoma kwa kinyume kupitia kioo na anavuta mlango ambao kwake ni wa kusukuma. Stika iwe na mgongo usiopitisha mwanga, nje VUTA, ndani SUKUMA, zikae mgongo kwa mgongo. Kisha mstari wa rangi kukatisha kioo kwenye kimo cha mita 1.5, na mwingine kama mita 0.9 kwa ajili ya watoto. Hapo mapaji ya uso yatapona.

Mjumbe_Kamati (Mtwara)

Asanteni sana. Chaki imepita leo milango yote saba. Ile mitatu inayogoma: miwili imelala, mmoja tu umefura. Ukingo wa juu wa yote saba haujapakwa rangi, picha zimeonyesha. Jambo jingine: ile miwili iliyolala ndiyo inayozuiwa kwa jiwe ili ikae wazi. Kuna uhusiano?

Seremala_Mikindani

Jiwe linakaa wapi? Kama ni kwenye mwanya wa upande wa bawaba, umempata mwizi wako. Mlango ni mtarimbo wa sm 80. Upepo au mtu akiusukuma kwa nje huku jiwe limebanwa sm 5 kutoka kwenye bawaba, nguvu inaongezeka mara nyingi na skrubu zinang'olewa moja moja. Wekeni ndoano ukutani na kikuku kwenye mlango, upande wa kitasa, mita moja kutoka sakafuni. Ndoano ya shaba, kama alivyosema mwenzangu.

Huo mmoja uliofura subirini Agosti. Kwa sasa uacheni wazi kwa ndoano mchana.

Usalama_Kusini

Nimesubiri mtu aguse lile pendekezo la kugeuza mlango mkuu ufungukie ndani. Nawaomba msifanye hivyo. Anayeingia anavuta, maana yake anayetoka anasukuma, na hivyo ndivyo mlango wa jengo lenye watu wengi unavyotakiwa kuwa.

Nyumba za kale za Mikindani milango yake inafungukia ndani, na kwa nyumba ni sawa: bawaba na makomeo yako upande wa mwenyeji, na waliomo ni familia inayoujua mlango wake. Jengo la umma lina wageni mia na mlango mmoja. Hofu ikiingia, wa mbele wanafika mlangoni na wa nyuma wanawakandamiza, na mlango unaofungukia ndani unahitaji nafasi ambayo haipo tena. Sunderland, Uingereza, tarehe 16 Juni 1883, watoto 183 walikufa kwenye ukumbi mmoja kwa namna hiyo. Hapakuwa na moto. Watoto walikuwa wanakimbilia zawadi, na mlango chini ya ngazi ulifungukia upande wao, umekomewa uache upenyo wa mtoto mmoja mmoja. Chicago, tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa maonyesho wa Iroquois uliungua na watu zaidi ya 600 wakafa. Baadhi ya milango ilifungukia ndani, mingine ilikuwa na makomeo ambayo wageni hawakuyajua. Zile fimbo za kulala mnazoziona kwenye milango ya dharura, unazisukuma kwa kiuno na mlango unafunguka, zilienea baada ya misiba hiyo.

Kwa hiyo fuateni ushauri wa bamba na stika. Na kama jengo lina mlango wa nyuma, nendeni mkautazame leo saa za kazi. Ukikuta kufuli, ulizeni ufunguo uko kwa nani, na kama yuko ndani ya jengo sasa hivi.

Mjumbe_Kamati (Mtwara)

Upo wa nyuma, sikuuhesabu kwa sababu hautumiki. Una kufuli, na ufunguo uko kwa mlinzi wa usiku. Kesho asubuhi tunaweka komeo la kufungulia kwa ndani.