Naomba ushauri: timu yetu ya Walukuba ilianza mwaka gani? Wazee hawaelewani

Mtoto wa Walukuba
Habari zenu wapenzi wa mpira. Mimi ni katibu wa timu yetu ya mtaa hapa Walukuba, Jinja, timu ya ridhaa kabisa, hakuna anayelipwa, jezi tunachangishana na vijana wengi ni wa boda na wa samaki kule Masese. Sasa tunashona jezi mpya zenye nembo na mwaka wa kuanzishwa, fundi anasubiri mwaka na mimi sina.

Wazee wetu wako wawili waliobaki. Mmoja alikuwa golikipa, anasema timu ilianza kabla Wahindi hawajafukuzwa, na mpira wa kwanza walipewa na Mhindi mwenye duka Main Street. Mwingine alikuwa beki, anaapa timu ilianza baada ya vita vya kumtoa Amin, na kikao cha kwanza chini ya mwembe yeye alikuwepo. Juzi niliwakalisha pamoja nikidhani nasaidia, wakarushiana maneno mpaka beki akachukua mkongojo wake akaenda zake. Iliniuma sana, hawa wamezika watu pamoja miaka yote. Daftari la mikutano lililiwa na mchwa kwa katibu wa zamani. Nifanyeje?

Kipa Mstaafu, Tororo
Kijana, usiwaulize mwaka. Mzee ukimuuliza mwaka atakutajia wowote kisha atautetea mpaka kaburini. Muulize kitu alichokiona kwa macho. Wahindi walipewa siku 90 Agosti 1972, kufika Novemba maduka yalikuwa yameshafungwa au yana wenyewe wengine, kwa hiyo kama mpira ulitoka kwa Mhindi ujue ni kabla ya hapo. Halafu muulize kila mmoja peke yake, siku ya fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, timu yetu ya taifa Cranes na Ghana kule Accra, Machi 1978, alisikilizia wapi redio na alikuwa na nani. Tulikuwa tumemtoa Nigeria 2-1 nusu fainali, nchi nzima ilikuwa imeshika redio, halafu tukafungwa 2-0. Mtu wa umri ule hawezi kusahau alikuwa amekaa wapi. Mimi mpaka leo nakumbuka benchi lenyewe.

Boda wa Busia
Andika mwaka wa zamani zaidi muendelee na ligi, nani atakuja kupima?

Mwalimu wa Bugembe
Hapana ndugu yangu, hilo sikubali. Watoto watauvaa huo mwaka kifuani. KCC, ile timu ya Kampala, inajulikana ilianza 1963 na wafanyakazi wa maji taka wa baraza la mji, watu wanaona fahari kusema hivyo hivyo ilivyokuwa, hawakujipa miaka ya ziada.

Katibu, tafuta karatasi kwenye nyumba za marehemu pia. Risiti ya viatu, barua ya kuomba kiwanja, chochote. Ukikuta risiti haina tarehe angalia bei, kwa sababu Mei 1987 shilingi ilikatwa sifuri mbili, jozi ya viatu iliyoandikwa maelfu kwa maelfu huenda ni ya kabla ya hapo. Na kama kuna mtu yuko Kampala, maktaba ya Makerere wana magazeti ya zamani, Uganda Argus na Voice of Uganda, mechi za Jinja unaweza kuzikuta humo ila utafute kwa subira.

Binti Reli
Mbona mnaulizana wanaume tu? Nani alikuwa anafua hizo jezi? Bibi yangu alifulia timu ya kwota za reli miaka mingi, alijua namba ya kila mchezaji na nani alichanika goti siku gani, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumuuliza mpaka akafariki. Nenda kwa wajane kaka, nenda wiki hii.

Mtoto wa Walukuba
Nimerudi, asanteni sana. Nilianza na mzee beki. Nikamuuliza habari ya redio ya Ghana, akajibu bila kufikiri kwamba alikuwa kwao Busia, Jinja alikuja baada ya vita kutafuta kazi. Nikaenda kwa golikipa, yeye akasema walikaa nje ya kantini, wachezaji wanane, akaanza kunitajia mmoja mmoja kuanzia beki wa kulia, alipofika winga wa kushoto akanyamaza kwa sababu huyo hakurudi kutoka vitani.

Binti Reli Mungu akubariki. Mjane wa kepteni wa zamani alifungua sanduku la bati chini ya kitanda akatoa jezi, kitambaa kizito cha pamba kilichokuwa bluu, namba 5 imekatwa kwenye kitambaa cheupe ikashonwa kwa mkono, uzi mweusi. Aliishona yeye kabla hawajaoana, na cheti cha ndoa kipo, Desemba 1971. Anasema mpira wa Mhindi ulikuja mvua za mwaka ule ule.

Kumbe kikao cha mwembe nacho ni kweli, 1980, timu ilikuwa imekufa na vita, mzee beki na wenzake ndio waliofufua. Nilipomweleza alikaa kimya muda mrefu kisha akaniuliza, hiyo namba 5 naweza kuishika? Jumapili nampeleka, na golikipa amesema atakuja. Fundi nimempa 1971, na kwenye historia tutaandika 1980 na majina ya waliofufua, wote.

Swali la mwisho, jezi ina ukungu kwenye kola na mama anataka kuifua ili ipendeze. Aifue?

Binti Reli
Asiifue! Ule uzi utaachia. Mwambie aianike kivulini siku moja, aipanguse ukungu kwa brashi laini kavu, aikunje na kitambaa safi cha pamba katikati. Na wewe piga picha namba ile kwa karibu kabla ya Jumapili.