Uliyekuwa hotelini au kwenye utalii kipindi cha korona, msaada wa serikali ulikufikia? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za muda huu.

Juzi nimebishana na jamaa yangu anayeshikilia kwamba serikali nyingi ziliiokoa sekta ya utalii kipindi kile. Nikamuuliza, ziliokoa nini hasa, majengo au watu? Akakaa kimya kidogo, kisha akabadilisha mada. Ndiyo maana nimekuja huku.

Naanza na yangu. Machi 2020 nilikuwa meza ya buking, hoteli ya vyumba sitini. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11, na kufikia mwisho wa wiki ile kazi yangu ilibaki moja: kufuta. Simu inaita, nafuta. Barua pepe inaingia, nafuta. Mwezi uliofuata tukabaki watatu, mimi, fundi na mlinzi. Kila Jumatatu tulipita chumba kwa chumba tukifungua mabomba ya bafuni, ya moto na ya baridi, dakika tano kila chumba, kwa sababu maji yakilala muda mrefu kwenye mabomba huzaa bakteria, na mgeni wa kwanza akioga anavuta ule mvuke na kuugua mapafu. Vyumba sitini. Piga hesabu mwenyewe.

Msaada ulipokuja ulikuwa mkopo wa riba nafuu kwa ajili ya ukarabati. Bosi akauchukua. Tukapaka rangi, tukabadilisha magodoro, lakini masharti yalikataza kugusa mishahara kwa fedha ile. Basi hoteli ikanukia rangi mpya, mgeni hakuna, wapishi wako kwao, na deni linahesabiwa.

Haya, tiririkeni. Ulipata nini, kilikwama wapi? Siasa tuziweke pembeni.

*

Mhudumu wa Zamani:

Mkuu, mimi nilikuwa Uingereza, nahudumu mgahawani. Kule serikali ililipia asilimia 80 ya mshahara wa mtu aliyesimamishwa, kikomo pauni 2,500 kwa mwezi, na mpango ukaenda mpaka Septemba 2021 (miezi ya mwisho mwajiri akawa anachangia). Ukisikia hivyo utasema tulikula bata. Subiri kwanza. Hesabu ilitokana na mshahara wa kwenye makaratasi. Bahashishi haikuhesabiwa, na kwa mtu wa mezani bahashishi ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Asilimia 80 yangu ikawa karibu na nusu ya nilichozoea kuondoka nacho.

Sinung'uniki, nililala ndani na nilikula. Anayeniuma ni mwenzangu aliyeajiriwa siku chache kabla ya mambo kufungwa. Sharti lilitaka mwajiri awe ameshapeleka taarifa zako za mshahara kwa watoza kodi kufikia tarehe 19 Machi 2020. Bosi wetu alizoea kupeleka mwisho wa mwezi. Kijana akakosa kila kitu kwa tofauti ya siku kumi na kitu.

Halafu Agosti 2020 likaja punguzo la kuwarudisha watu mezani. Jumatatu hadi Jumatano mteja analipa nusu, serikali inafidia nusu nyingine, kikomo pauni 10 kwa kichwa, pombe haimo. Jamani! Jumanne usiku, ambayo zamani tulikuwa tunahesabu nzi, foleni inafika nje. Alhamisi, kimya. Kwa macho yangu wateja wengi walihama siku tu. Nasi tumo ndani ya barakoa, tunapumua jasho letu, sahani zinapishana. Wenzetu wawili waliugua mwezi ule. Siwezi kuapa kwamba waliupatia pale. Ninachojua ni kwamba baadaye walijitokeza watafiti waliouhusisha mpango huo na ongezeko la maambukizi, na sikushangaa.

*

Kofia ya Jua:

Wewe bora ulikuwa na makaratasi ya kubishania. Mimi ni muongoza watalii wa kujitegemea. Fomu ya ruzuku ilitaka hesabu za miaka miwili, leseni na akaunti ya benki ya biashara. Nilichokuwa nacho ni daftari la majina ya wageni na picha nimesimama nao tukicheka. Dada wa dirishani alinisikiliza vizuri kabisa, hata nikapata matumaini, kisha akanirudishia bahasha yangu bila kuifungua.

Nikaenda kubeba zege. 2022 kampuni moja ikaniita tena, wageni wanne, wazee wenye darubini shingoni. Asubuhi ya kwanza ndege akatua karibu kabisa, mama mmoja akaniuliza anaitwaje. Jina likagoma. Ndege niliyemtaja maelfu ya mara! Nikajifanya nakohoa.

*

Mhasibu Mchovu:

Nimejaza fomu hizi za wateja hadi za kuota usiku, kwa hiyo niongeze la kiofisini. Watu wanachanganya ruzuku, mkopo na unafuu wa kodi kana kwamba ni kitu kimoja.

Kodi kwanza. Kuahirishwa siyo kusamehewa. Nilikuwa na mteja aliyesherehekea barua ya kuahirishiwa, mwaka uliofuata akaja ofisini na barua ya pili, uso umemshuka. Na kupunguza kodi ya ongezeko la thamani, kama Uingereza walivyoishusha kwa hoteli na migahawa kutoka asilimia 20 hadi 5 Julai 2020, kunamsaidia mwenye mauzo. Aliyefunga mlango anapunguziwa asilimia ya sifuri.

Italia ilitoa vocha ya likizo ya hadi euro 500 kwa familia. Nzuri kwa masikio. Ila mwenye hoteli ndiye aliyetakiwa kutoa punguzo hapo hapo kaunta, kisha alirejeshe kupitia kodi zake. Mtu amekaa miezi bila senti, unamwambia aikopeshe serikali! Wengi walikataa kuipokea, na mimi ningewashauri hivyo hivyo.

Marekani walitenga ruzuku ya dola bilioni 28.6 kwa migahawa, dirisha likafunguliwa Mei 2021. Waombaji walizidi 278,000, waliopata ni kama 101,000. Fungu likaisha. Hapo kuna jirani wawili mtaa mmoja, huyu kapata na yule kakosa, na aliyepata anaweza kushusha bei. Kuna wakati msaada nusu nusu unamuumiza aliyekosa kuliko kama usingekuwepo. Mnaweza kunipinga.

*

Wakala Mdogo:

Nakupinga kidogo. Nusu nusu ina nafuu kuliko washa-zima.

Sisi mawakala tulikuwa katikati ya nyundo na chuma. Mteja anadai nauli yake, nauli iko kwa shirika la ndege, shirika linasema chukua vocha, mteja anasema vocha hailiwi. Niliacha kupokea simu za usiku. Ndipo ukaja msimu wa punguzo za kuhimiza safari. Japani walianza Julai 2020, wakaiacha Tokyo nje mpaka Oktoba, na Desemba hiyo hiyo wakasimamisha mpango wote maambukizi yalipopanda. Kwa anayetazama habari ni busara. Kwa wakala ni kubuku watu mara mbili na kuwafuta mara mbili, kazi ya mara nne kwa kamisheni ya sifuri.

Niliowaonea wivu ni Phuket. Julai 2021 Thailand ilifungua kisiwa kimoja kwa waliochanjwa, usiku 14 pale pale kabla ya kwenda kwingine, na wenyeji walikuwa wametangulizwa kwenye chanjo. Masharti yalikuwa kero, lakini yaliandikwa, na mteja ulikuwa unaweza kumsomea kwenye simu.

*

Mama Mashuka:

Mnazungumza wenye hoteli na mawakala, sisi wafuaji mbona hamtutaji? Nafua mashuka na taulo za hoteli. Hoteli zikifunga leo, mimi nimefunga leo, siyo kesho. Nikapeleka maombi, jibu likarudi kwamba ruzuku ni ya hoteli na migahawa, na biashara yangu imesajiliwa kama udobi. Nikawauliza, mnadhani wageni wanalala juu ya nini?

Mteja wangu mkubwa alipata ruzuku. Alikuwa na deni langu la miezi miwili. Nilipomfuata akaniambia fedha ile ina kazi yake maalumu.

*

Mwanzisha uzi:

Mama Mashuka, pole sana. Hilo la wafuaji sikuwahi kulifikiria, na nilikuwa nasaini risiti zao kila wiki! Bado mnafanya kazi na hoteli hiyo?

*

Mama Mashuka:

Bado. Ila sasa wanalipa kwanza ndipo mashine inawaka. Na usajili nimekwenda kuubadilisha, pale kwenye aina ya biashara nimeandika "huduma za hoteli". Karani akaniuliza hoteli yako iko wapi. Nikamwambia we andika tu, mwanangu.