Parokia inakua, wageni wanakuja lakini hawabaki. Tuwapokeeje?

Mlei_Benchi_la_Mbele

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Kuna jambo linanisumbua naomba tujadiliane. Parokia yetu inakua kwa kasi, watu wanahamia huku kila kukicha, paroko ameongeza Misa nyingine ya Jumapili na bado watu wanasimama nje madirishani. Ni baraka kubwa, namshukuru Mungu. Sasa shida, mgeni unamwona Jumapili mbili tatu, anakaa nyuma, Misa ikiisha huyo kaondoka, baadaye unasikia amehamia dhehebu lingine au ameacha kabisa kusali.

Halmashauri ya walei imetupa wachache wetu kazi ya kupanga utaratibu wa kuwapokea. Kwa sasa kinachofanyika ni wageni kusimama wakati wa matangazo wapigiwe makofi, imeisha hiyo. Na kuna wajumbe wanasema mgeni asihesabiwe mwanaparokia mpaka alete barua ya utambulisho kutoka parokia aliyotoka, kisha aanze na mchango wa ujenzi. Moyo wangu unakataa ila hoja sina. Nisaidieni.

Karani_wa_Parokia

Milele amina. Ndugu yangu, hoja unazo tena za sheria kabisa. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 518, zinasema parokia kwa kawaida ni ya eneo, inawachukua waamini wote wanaokaa humo. Halafu soma kanuni ya 102 pamoja na ya 107, mtu akihamia mahali kwa nia ya kukaa moja kwa moja, huyo tayari ana makao pale na paroko wa pale ndiye paroko wake, na hata aliyekuja kwa muda, akikusudia kukaa miezi 3 inamtosha. Hakuna mahali palipoandikwa mpaka ajaze fomu au alipe kitu! Kwa hiyo wakati ninyi mnajadili kama mumpokee, yeye tayari ni wenu.

Hiyo barua sisemi haina maana, inasaidia ofisi kujua mtu ametoka wapi. Ila kinachohitajika kweli kweli ni cheti cha ubatizo, na hicho ni siku anapotaka kipaimara au ndoa, kwa sababu kitabu cha ubatizo kinabaki parokia alikobatizwa na humo ndimo kipaimara na ndoa yake vinaandikwa. Mkimwambia hilo mapema kwa upole mnamwokolea usumbufu mkubwa mbeleni, wengi hawajui kabisa wanakuja kushtuka ndoa imekaribia.

Mama_Alto

Mimi niongelee hayo makofi. Jamani mgeni kusimamishwa mbele ya umati ni mtihani, wengine wanaona aibu, wengine wamefiwa au wametoka kwenye matatizo mazito wanataka tu kukaa mbele ya Bwana. Na ukishapigiwa makofi ukakaa, nani anakufuata baada ya Misa? Hamna mtu, kila mmoja anakimbilia kundi lake, kwaya kwa kwaya, wazee kwa wazee.

Kinachombakiza mtu ni kuitwa jina lake Jumapili inayofuata. Wekeni watu mlangoni wenye kumbukumbu nzuri ya sura na wasio na haraka, sio lazima wawe viongozi, tena viongozi siku ya Jumapili wana mambo mengi. Wamsalimie, wamuulize jina na anakaa mtaa gani, wamwonyeshe mtu wa jumuiya yake, yaani kile kikundi cha waamini wa mtaani kwake, palepale kabla hajatoka. Hela msiziguse siku hiyo wala mwezi huo!! Mtume Yakobo sura ya 2 ameeleza wazi, anaingia mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri, maskini anaambiwa simama kule, na anauliza kama hapo hamjafanya ubaguzi. Mgeni akianza kusikia mchango kabla ya jina lake anajua hapa anapimwa kwa mfuko.

Katekista_Mkongwe

Naungana na mama hapo juu. Wapendwa mmewahi kuangalia ibada ya kuwapokea wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, inavyoanza? Inaanzia nje au mlangoni mwa kanisa, padre anawaendea na waamini wapo, anauliza majina yao, kisha anauliza mnaomba nini kwa Kanisa la Mungu. Jina linatangulia mafundisho yote. Utaratibu huo uliotolewa 1972 unasema pia kazi ya kuwaingiza watu ni ya jumuiya nzima ya waamini, sio ya katekista peke yake. Sasa kiuhalisia wanaachiwa katekista, mkesha wa Pasaka kanisa zima linashangilia, ikifika Pentekoste nusu yao huwaoni. Kile kipindi cha baada ya Pasaka kimewekwa makusudi ili wabatizwa wapya wakae na waamini wazoee maisha ya sakramenti, na ndicho tunachokiruka. Msimamizi wa ubatizo naye anapiga picha anaaga.

Ushauri wangu, hao wabatizwa wapya wawekeni kwenye mpango huohuo wa wageni. Nao ni wageni ingawa mmewazoea sura.

Kijana_wa_Liturujia

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo, msinielewe vibaya. Wengine tunapenda parokia kubwa kwa sababu hakuna anayekufuatilia, mtu akinidaka mlangoni kila Jumapili nitabadilisha mlango. Salamu sawa, ila msigeuze iwe usaili. Muacheni mtu apumue, na akiwa tayari apewe KAZI. Mimi nilibaki kwa sababu niliombwa kusoma somo, hakuna kingine. Mnafunga nafasi zote kwa watu walewale miaka nenda rudi halafu mnashangaa wageni kukaa nyuma, sasa mbele wakae wapi?

Mlei_Benchi_la_Mbele

Asanteni sana wote, hapo kwa kijana pamenigusa, kweli kwetu wasomaji ni walewale. Swali lingine, kuna waliohamia wanaishi bila ndoa ya Kanisa, au waliachana wakaoa tena, jumuiya zingine zinawaambia warekebishe kwanza ndio waje. Hao inakuwaje?

Karani_wa_Parokia

Hapana, hapo msikosee. Komunyo ni suala lake na paroko, hilo anaelekezwa faraghani kwa heshima. Lakini Misa, Neno la Mungu, sala za jumuiya, kazi za huruma, kubatizisha watoto na kuwalea kiimani, nani amewafungia? Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1981 kwenye waraka wake wa familia aliwaomba wachungaji na jumuiya nzima wawasaidie waliotalikiana na kuoa tena wasijione wametengwa na Kanisa. Na kuna ndoa nyingi zinazoweza kurekebishwa mtu akishakaa ofisini na paroko, ila hafiki huko kama mlangoni mmeshamhukumu.

Kanuni ya 529 inamtaka paroko awajue waamini wake, atembelee familia, na inataja kwa jina maskini, wagonjwa, wapweke na walio mbali na nchi yao. Paroko mmoja kwenye parokia iliyojaa namna hiyo hawezi kuwafikia wote, kwa hiyo kila jumuiya imwandikie jina na mtaa wa kila aliyehamia, karatasi moja tu kila mwisho wa mwezi, ajue pa kuanzia. Ukipenda nitakutumia mfano wa hiyo fomu inbox, haina sehemu ya michango.