SAT: swali nisilolijua nibahatishe au niliache?

Mtahiniwa_Mpya: Wakuu habari zenu. Nina SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, hivi karibuni. Kitabu nilichorithi kwa kaka kinasema swali usilolijua liache, ukikosea unakatwa alama. Rafiki yangu naye kakazania nikikwama nijaze C tu. Nimsikilize nani?

Kikokotoo: Usimsikilize yeyote. Kitabu hicho ni cha kabla ya Machi 2016. Enzi hizo machaguo yalikuwa 5 na ukikosa unakatwa robo alama. Bahatisha matano, unapata moja, unakatwa robo nne: ngoma droo. Siku hizi machaguo ni 4 na hakuna makato. Kuacha wazi ni kujinyima bure.

Bi_Hesabu: Na hiyo C ni imani tu, herufi zote ni sawa. Faida inakuja ukianza kufuta. Mfano: bidhaa imepunguzwa bei kwa asilimia 20, sasa ni 60. Bei ya mwanzo? 48, 72, 75, 80. Futa 48, bei ya mwanzo haiwezi kuwa chini ya 60. 72 ni mtego wa wanaochukua 60 wakaongeza asilimia 20. Zimebaki mbili, zijaribu: 80 ukiipunguza asilimia 20 inabaki 64. Basi ni 75, na wala hujabahatisha!

Mzee_wa_Saa: Dada kamaliza. Mimi naongezea muda: hesabu ni maswali 22 kwa dakika 35 kila moduli (yaani kipande cha mtihani), na moduli ikishafungwa hurudi tena. Swali likikugomea, jaza chochote papo hapo, liwekee alama, songa mbele.

Mdogo_wa_Daktari: Jamani, ushauri huu msiupeleke NEET, mtihani wa India wa kuingia udaktari. Kule ukipata ni +4, ukikosa -1.

Bi_Hesabu: Kweli, ingawa hata kule ukibahatisha manne kwa wastani unapata 4 na kukatwa 3. Faida kiduchu, na siku mbaya inakushusha. Yakibaki machaguo mawili mimi najibu bila kusita. Kama sijafuta hata moja, naruka.

Mtahiniwa_Mpya: Asanteni sana. Na yale ya hesabu yasiyo na machaguo?

Kikokotoo: Hayo ni kama robo ya maswali ya hesabu. Nayo hayakati, andika ulipofikia. Ila usiyang'ang'anie dakika tano wakati mepesi yanakusubiri.