Acheni kusambaza skripti za Blender zinazobahatisha kilichochaguliwa

Wakuu, imetosha sasa. Kila mara inaletwa skripti ya Blender (programu ya kutengeneza picha na filamu za 3D) ya "kuokoa muda", ukiifungua unakuta ni mistari ya `bpy.ops` iliyonakiliwa kwenye dirisha la Info, linaloorodhesha amri ulizobofya, na kuzungushiwa kitanzi cha `for`. Aliyeileta anaapa kwamba inafanya kazi. Inafanya kazi kwenye faili yake, ikiwa imefunguliwa vilevile alivyoiacha.

Opereta za `bpy.ops`, yaani amri zilezile za menyu na vitufe, zimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeshika kipanya. `bpy.ops.object.delete()` haiulizi ifute nini, inafuta chochote kilichochaguliwa muda ule. Ukiwa umo ndani ya hali ya kuhariri meshi, inakataa na kuandika `poll() failed, context is incorrect`, na hapo una bahati kwa sababu imesimama. Balaa ni pale isipokataa. Mtu kabofya kamera kabla ya kuendesha skripti, kamera imekwenda, hakuna ujumbe wowote wa kosa. Na kama ni kitufe kilichosajiliwa bila `'UNDO'` kwenye `bl_options`, skripti haikuacha hatua yoyote ya kurudi, kwa hiyo Ctrl+Z inakurudisha nyuma zaidi ya ulipotaka.

Kishike kitu chenyewe! `kitu = bpy.data.objects["Boksi"]`, kisha `bpy.data.objects.remove(kitu)`. Ukiunda kipya, tunza kile ulichorudishiwa, usikitafute tena kwa jina, maana kama "Taa" ipo tayari, yako imepewa jina "Taa.001" na skripti yako inaendelea kurekebisha taa ya mtu mwingine. Ukifuta vingi, pitia `list(bpy.data.objects)`. Kufuta huku unapita juu ya mkusanyiko uleule kunaruka vitu au kunaiangusha programu.

Kinachoudhi kuliko vyote ni skripti za kuoka mwendo, yaani kuandika thamani ya kila fremu kama ufunguo. Chukua rigi (kiunzi cha kumsogeza mhusika) ya mifupa 50, sekunde 10, fremu 24 kwa sekunde. Hizo ni fremu 240. Waandishi wengi wanaweka kitanzi cha mifupa nje na cha fremu ndani, na kila mzunguko unaita `scene.frame_set()`. Amri hiyo haisogezi kishale tu, inailazimisha Blender ikokotoe upya onyesho zima kwa fremu hiyo: vizuizi vya mifupa, modifaya, draiva, vyote. 50 mara 240 ni hesabu 12,000. Geuza vitanzi, fremu nje na mifupa ndani, zinabaki 240 na majibu ni yaleyale. Mistari miwili kubadilishana nafasi! Halafu watu wanaambiwa wanunue kompyuta yenye nguvu zaidi.

Bado hujafika kwenye kuandika funguo. Mahali ni mikondo 3 (mkondo ni thamani moja inavyobadilika kwa muda), mzunguko wa kuaternioni, unaoandikwa kwa namba nne, 4, ukubwa 3, jumla mikondo 10 kwa kila mfupa. Mifupa 50 ni mikondo 500, na kwa fremu 240 ni funguo 120,000. Mkiziingiza kwa `keyframe_insert` kwenye kila fremu, kila mwito unautafuta mkondo wake upya na kuutafutia ufunguo nafasi yake. Kusanyeni namba kwanza kwenye orodha. Kwa kila mkondo itisheni `keyframe_points.add(240)`, kisha `keyframe_points.foreach_set("co", orodha)`, ambapo orodha ni namba 480 zilizonyooka: fremu, thamani, fremu, thamani. Malizieni na `update()` ya mkondo huo, msiiruke.

Na kwa nini muoke yote kumi? Mfupa wa kidole unazunguka tu. Mikondo 6 kati ya 10 hapo ni takataka isiyobadilika kuanzia fremu ya 1 hadi ya 240, na anayekuja kurekebisha mwendo kwa mkono lazima aifute kwanza ndipo aone kitu.

Jambo dogo linalopoteza watu siku nzima: ukibadilisha `location` halafu ukasoma `matrix_world` (mkao halisi wa kitu kwenye onyesho) mstari unaofuata, unasoma thamani ya zamani. Ita `bpy.context.view_layer.update()` katikati, mara moja baada ya mabadiliko yote, si ndani ya kitanzi.

Suala la matoleo nalo. Mtu anasambaza skripti bila kusema ni ya toleo gani. Tangu 2.80, iliyotoka 2019, matriksi zinazidishwa kwa `@` badala ya `*`, na `scene.objects.link` haipo, ni `collection.objects.link`. Kwenye 4.0 kupitisha kamusi ya muktadha ndani ya opereta kumeondolewa, inatakiwa `temp_override`, iliyokuwepo tangu 3.2. 4.1 imeondoa `use_auto_smooth`. 4.4 imeleta nafasi (slots) ndani ya akshoni, yaani hifadhi ya mwendo, na 5.0 ikaondoa kabisa njia ya zamani ya `action.fcurves`. Mstari mmoja wa kukagua `bpy.app.version` juu ya skripti ungetosha kumwambia mtumiaji asimame.

Hapo angalau kosa linaonekana. Ubaya wenyewe ni wale wanaogusa matundu ya Principled BSDF (nodi kuu ya matiriali) kwa namba ya mpangilio. Ukiandika `inputs["Specular"]` kwenye 4.0 unapata `KeyError` na unajua jina limebadilika, sasa ni "Specular IOR Level". Ukiandika kwa namba, mpangilio nao umebadilika, unaweka thamani kwenye tundu lisilohusika, skripti inamaliza kimya, na matiriali zote zina rangi ya ajabu. Tumieni majina!

Jibu: Nakuunga mkono mkuu, ongeza na wanaorenda (kutoa picha za mwisho) kwa mstari wa amri. Blender inasoma vigezo kwa mpangilio vilivyoandikwa. Ukiandika `blender -b faili.blend -a -o //picha/fremu_####`, `-a` inarenda yote kabla `-o` (mahali pa kuhifadhi) haijasomwa, na picha zinakwenda kwenye folda ya zamani. `-a` ikae mwisho, baada ya `-o`, `-s` (fremu ya kwanza), `-e` (ya mwisho) na `-P` (skripti). Na kabla ya `-P` wekeni `--python-exit-code 1`. Bila hiyo skripti ikianguka Blender inaendelea kurenda kana kwamba hakuna kilichotokea, na foleni ya kurenda inaandika "imefaulu". Mwingine anarenda moja kwa moja kwenye video: mashine ikizima fremu ya 200, zote 199 zinaweza kupotea. PNG moja moja, ondoeni alama ya Overwrite, mashine ikiwaka inaendelea ilipoishia.

Jibu: Mbona mimi natumia `bpy.ops.object.duplicate()` na sijawahi kupata shida?

Mwanzisha uzi: Ndugu, kwako haileti shida kwa sababu ya mpangilio wa mashine yako. Nenda kwenye Preferences, sehemu ya Editing, Duplicate Data. Hapo kuna alama ya Action, na kwa kawaida imewekwa. Mwenzako akiitoa, skripti yako hiyohiyo inamtolea nakala 30 zinazotumia akshoni moja: akisogeza ufunguo kwenye mhusika mmoja, wote 30 wanasogea. Andika wazi unachotaka: `mpya = asili.copy()`, kisha `mpya.animation_data.action = asili.animation_data.action.copy()` kama kila mmoja anahitaji mwendo wake, halafu muunganishe kwenye mkusanyiko. Ukitaka meshi iwe moja kwa wote usiguse `data`, unaokoa kumbukumbu. Kama kila mmoja anahitaji yake, `mpya.data = asili.data.copy()`.

Na kabla hujaileta tena, iendeshe mara nne: bila kitu chochote kilichochaguliwa, kamera ikiwa imechaguliwa, ukiwa ndani ya hali ya kuhariri, na mara mbili mfululizo kwenye faili ileile. Ikipita zote, ilete na uandike toleo juu yake.